Mikate Miwili ya Bi Mwanabaraka

Mtu wa Bagamoyo akienda kupanda ndege, iwe ya Maskati, ya Jeddah au ya Mwanza tu, haondoki bila kuagana na Bi Mwanabaraka. Akijifanya amesahau, Bi Mwanabaraka humfuata mwenyewe mpaka kituoni, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mna mikate miwili ya kumimina, kila mmoja umefungwa peke yake.

"Huu wako," humwambia, "na huu wa jirani."

Msafiri akiuliza jirani yupi, hujibiwa hivi: "Atakayekaa kando yako. Na usimngoje aseme ana njaa. Mtu aliyelelewa hasemi."

Vijana wa mtaa humcheka na kumwita Bi Ndege, tena mbele yake. Mmoja alimweleza kwa upole kwamba siku hizi huko angani kila mtu na lake, anayetaka kula ananunua. Bi Mwanabaraka alimtazama kijana yule bila kupepesa, mpaka kijana akachukua mikate yote miwili na kuinama kumwamkia upya. Kijana hakujua kwamba anamweleza mtu anayeyajua mambo hayo kuliko yeye. Zamani Bi Mwanabaraka alikuwa akitoa mkate mmoja tu, wa msafiri mwenyewe. Ule wa pili ulianza baada ya safari yake ya Maskati.

Alikuwa mke wa Mrisho, fundi wa mashine za boti upande wa Mbegani, mtu mpole aliyependa kula na kulala. Mrisho alifariki mapema, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na mtoto mmoja, Bilali. Bi Mwanabaraka hakurudi kwao wala hakuolewa tena. Alishika sufuria. Harusi ikiwepo, aliitwa. Msiba ukitokea, aliitwa kabla hata ya turubai kusimamishwa. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mkate wa kumimina. Mchele aliuloweka usiku kucha, akausaga na tui zito, akatia iliki kwa mkono usio na uchoyo, akauacha uumuke kwa raha zake, kisha akaumimina na kuupalia makaa chini na juu. Bilali alikulia kwenye harufu hiyo. Alipopata kazi Maskati, kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, kila likizo ilipokwisha alirudi huko na mkate kutoka kwa mama yake, na kila mara alipiga simu kusema kwamba umeishia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam.

"Mlafi wewe," mama humwambia.

"Mpishi ndiye wa kulaumiwa," Bilali hujibu.

Kisha figo zake zikaharibika. Alianza kwa kuvimba miguu, akasema ni kusimama sana ghalani, akanyamaza mpaka alipoanguka. Aliyepiga simu Bagamoyo alikuwa Anold, kijana wa Miono, Mkristo, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Bilali tangu walipofika ugenini. Naye alimwita Bi Mwanabaraka mama.

"Mama, Bilali amekataa kula," alisema. "Wakimletea chakula anageukia ukutani. Daktari anasema asipokula hana nguvu ya kustahimili matibabu. Jana nikamuuliza, basi utakula nini? Akasema, mkate wa mama."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo hivyo. Nikamwambia, mama akiuleta utakula? Akaitikia kwa kichwa."

Tangu simu ile, Bi Mwanabaraka hakuwaza kingine. Mwanawe akiupata mkate atakula, akila atapata nguvu, akipata nguvu atapona. Hayo mengine ya mashine na damu aliwaachia madaktari. Marafiki wa Bilali walichangishana nauli, wakapata tiketi ya bei nafuu, yenye kubadilisha ndege njiani. Yeye akabaki na kazi yake, ya kupika mkate.

Hapo ndipo alipofanya kosa la kwanza, na kosa lenyewe lilitoka kwa Bi Adila, jirani yake, aliyekwenda Hija miaka mingi nyuma. "Usijitwishe chakula chako," Bi Adila alimwambia. "Ndegeni wanalisha mpaka unaona haya. Wali, kuku, keki ndogo, chai. Ukimaliza wanauliza kama unataka tena." Bi Adila hakusema uongo. Alisafiri wakati mashirika ya ndege yalipokuwa bado na haya. Basi mwanamke aliyewafungia chakula wasafiri wa mji mzima akaondoka kwake bila hata muhogo wa kukaanga, na mkate mmoja tu kikapuni, wa Bilali.

Alikuwa ameupika alfajiri ileile, mviringo, wa rangi ya kahawia pembeni, mzima. Aliufunga kwa kanga safi, fundo juu. Uwanjani wakaguzi walimchukulia chupa ya achari ya ndimu, akawaachia bila ubishi. Walipotaka kufungua lile fundo aliushika mkono wa mkaguzi na kusema, "Mwanangu, ni mkate wa mgonjwa, uangalie kwa mashine yako." Wakauangalia kwa mashine, wakamwacha.

Ndegeni, kwenye kiti cha kando yake, alikaa binti mmoja mwembamba, baibui lake bado lina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Makurunge, bibi. Naitwa Sihaba."

Basi wakawa watu wa upande mmoja. Sihaba alikuwa anakwenda kufanya kazi za nyumbani, si Maskati bali nchi nyingine ya mbele, kwa watu asiowajua. Wakala aliwakusanya, yeye na wenzake, tangu jana yake, akawazungusha huku na huku, hata chai hawakupata. Alisema hayo huku anacheka, kama vijana wanavyocheka mambo ya kuliza.

Ndege ilipotulia angani, toroli likaja. Mhudumu, msichana nadhifu, akainama, akatabasamu, akasema maneno ya Kiingereza na kumwonyesha karatasi yenye picha za chakula. Bi Mwanabaraka akaweka mkono kifuani. "Ahsante mwanangu, nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Tangu alfajiri hakutia kitu kinywani isipokuwa kikombe cha chai ya rangi. Lakini kwao mtu hapokei chakula anapokaribishwa mara ya kwanza, utadhani alikuja kwa ajili hiyo. Unakataa, mwenye nyumba anasisitiza. Unakataa tena, kwa sauti ya chini kidogo, mwenye nyumba anaapa kwamba hutoki. Ndipo unanawa mikono. Bi Mwanabaraka alikuwa tayari na neno la kukataa mara ya pili. Mhudumu akasukuma toroli akaenda zake.

Akangoja. Alipoliona linarudi alijiweka sawa, akarekebisha mtandio. Lilikuwa linakusanya takataka.

"Bibi," Sihaba alimnong'oneza, "hawagawi. Wanauza. Na pesa taslimu hawapokei, wanataka kadi ya benki."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Bi Mwanabaraka alikasirika mpaka akasahau hofu ya kuruka. Watu wote hawa wamefungwa mikanda, hawawezi kutoka kwenda hata gengeni, halafu wanapitishiwa kuku wa mwenzao puani! Kwao hata mtu anayekula muhogo mkavu barazani humwambia mpita njia karibu. Aliwatazama waliokuwa na kadi. Walikula wameinama, macho kwenye vioo vya mbele yao, na waliokosa waligeukia madirishani wakijifanya wanatazama mawingu.

Baada ya muda Sihaba akasema, naye akiwa amegeukia dirishani, "Kuna kitu kinanukia iliki. Bibi yangu naye akipika hunukia hivi."

Hakuomba. Na kwa Bi Mwanabaraka, aliyelea na kulisha watoto wa watu, hakuna kuomba kulikokuwa wazi kuliko huko. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kikapu, ukashika fundo la kanga. Kisha akilini akamwona Bilali amelala, anapewa mkate uliomegwa. Atampelekeaje mgonjwa masalio ya ndegeni? Na kama kipande kile kimoja ndicho ambacho angekula?

"Ni dawa ya mgonjwa," alisema.

"Mungu amponye," Sihaba alijibu, akakaza mkanda wake.

Bi Mwanabaraka alikuwa hajapata kumnyima mtu chakula maishani mwake, wala kusema uongo juu ya chakula. Siku ile alifanya yote mawili kwa maneno manne. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, ila hakufungua fundo.

Walipofika mji wa kubadilishia ndege, ndege ya Maskati haikuwapo. Mara waliambiwa imechelewa, mara waingoje mlango mwingine, kisha hawakuambiwa kitu. Mchana ukazidi kusonga. Kulikuwa na maduka ya chakula kila upande, yanang'aa. Bi Mwanabaraka aliwatolea noti zake za shilingi, muuzaji akazigeuzageuza, akatikisa kichwa, akamrudishia. Wakanywa maji ya bomba, yeye na Sihaba, wakarudi kuketi. Macho yalianza kumwingia kiza. Alijipiga moyo konde: Bilali naye ana njaa, naye anangoja.

Sihaba alisinzia na kichwa chake kikaangukia bega la Bi Mwanabaraka. Tumbo la mtoto yule lilikuwa linanguruma, linasikika. Harufu ya iliki, kwa joto la mchana, ilikuwa imezidi. Bi Mwanabaraka akavua mtandio mmoja, akaufunika mkate. Haikutosha. Akakichukua kikapu polepole, asimwamshe, akakihamishia upande wa pili.

Jioni ilipokaribia, ndege ya Sihaba ilitangazwa. Binti aliamka, akajifuta uso, akapiga goti palepale kwenye sakafu ya kung'aa, akamshika mkono na kuubusu.

"Kwaheri bibi. Mgonjwa wako apone. Na samahani, nimekulalia."

Bi Mwanabaraka alifungua kinywa. Alitaka kusema, njoo, kaa, ule. Binti alikuwa keshaanza kukimbia na wenzake.

Ndege yake nayo ikapatikana, Maskati akafika usiku. Anold alikuwa anamngoja, shati limepigwa pasi. Alimwamkia, akampokea kikapu kwa mikono miwili, akamtazama miguuni.

"Twende hospitali, baba," Bi Mwanabaraka alisema. "Mkate umefika salama, haujaguswa."

"Mama, ule kwanza."

"Nitakula na Bilali."

"Ule kwanza, mama. Nakuomba."

Alimpeleka kwenye mkahawa mdogo karibu na uwanja. Akaagiza wali na samaki. Akazungumza habari za joto la Maskati, barabara mpya, foleni. Kisha akachukua birika yeye mwenyewe, akamnawisha mikono, akaisogeza sahani mpaka mbele yake.

Bi Mwanabaraka akaitazama sahani ile. Kwao, anayetoka safari na msiba unamngoja haambiwi akiwa na njaa. Hukalishwa, hulishwa, watu wakazungumza mvua na barabara, mpaka tonge chache zishuke ndipo mtu mzima asogeze kiti. Sahani za namna hiyo alizipika yeye. Alizipika kwa miaka na miaka, akazipeleka kwa mikono yake kwa watu waliomshukuru kabla hawajajua. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Anold akaliweka birika chini. Uso wake ukakunjamana, akawa mtoto. "Alasiri, mama. Mchana aliuliza mkate umefika wapi. Nikamwambia uko njiani. Akasema, basi naungoja."

Alasiri yeye alikuwa ameketi pale kwenye viti vya chuma, akimwondolea Sihaba kikapu, harufu isimfikie. Hilo ndilo lililomjia kwanza, kabla hata ya sura ya mwanawe, na hajajisamehe mpaka leo.

Bilali alizikwa kesho yake asubuhi. Bi Mwanabaraka aliruhusiwa kumwona uso, akaona jinsi shavu lilivyobonyea, akalipapasa. Wanaume wakamchukua. Hakukuwa na nyumba ya msiba. Hakukuwa na sufuria kubwa barazani, wala jirani wa kuulizana chumvi, wala watu wa kulala naye chini kwenye mkeka. Anold na wenzake sita waliishi chumba kimoja cha wanaume, kwa hiyo mama mmoja wa palepale, mwenye asili ya Unguja, alimpa kitanda. Aliletewa chakula kila saa, akashukuru, hakikupita kooni. Mwenyeji wake alitaka kuutia mkate kwenye friji. Bi Mwanabaraka akakataa. Hakutaka utoke karibu yake. Kuutupa hakuweza, kuula hakuweza, na mwenyewe aliyesema anaungoja alikuwa chini ya mchanga wa watu wengine.

Vijana wakamsogezea tarehe ya kurudi ili awahi hitima nyumbani. Akapanda ndege za shirika lilelile, kikapu mapajani. Ile ya mwisho, ya kuja Dar es Salaam, ilijaa watu wa kwetu: wafanyakazi wa majumbani wanaorudi likizo, mafundi waliomaliza mikataba. Kando yake alikaa mama mmoja wa makamo, Clara, mpishi wa watu huko, aliyemwamkia na kumsaidia kufunga mkanda.

Toroli likapita. Bi Mwanabaraka aliwaona wote wanageuka kama siku ile. Huyu anatazama mawingu, yule anafumba macho, fundi mmoja ng'ambo ya njia anakunywa mate na kusoma karatasi ya usalama kwa mara ya tatu. Njaa ya watu wenye adabu. Akaitazama kwa muda. Kisha akakiweka kikapu wazi, akafungua fundo la kanga.

Kisu hakuwa nacho. Akaumega mkate kwa mikono.

"Karibuni," alisema. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Karibuni jamani. Mwanangu amefariki, tumemzika huko. Sina pa kuwakaribisha ila hapa. Karibuni, ni mkate wake."

Watu wakageuka kutoka madirishani. Clara akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Pole mama. Pole sana." Fundi wa ng'ambo akasimama kabisa kwenye njia, akapokea chake, akapitisha nyuma kwa wenzake. "Pole mama," ikasikika kutoka viti ambavyo hata haoni. Mhudumu akaja kuona kuna nini. Clara akamweleza kwa Kiingereza. Bi Mwanabaraka akamnyooshea kipande, na yule msichana akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa. Basi Bi Mwanabaraka akafanya yaliyopaswa. Akamshika mkono, akamwambia hatoki hapo, akamtilia mkate kiganjani na kumfumba vidole. Msichana alirudi kwenye pazia lake anatafuna, machozi yanamlengalenga.

Wakala wote, kimya, kama watu wanavyokula msibani, hakuna aliyebakisha. Bi Mwanabaraka aliwatazama, na tangu sahani ile ya Anold, ndiyo mara ya kwanza kifua chake kilipata nafasi ya pumzi.

"Na wewe, mama," Clara alisema. Alikuwa amechukua kipande cha mwisho kutoka kwenye kanga. "Kula."

"Ahsante, nimeshiba."

"Hukushiba. Kula, mama."

"Wewe maliza tu, mwanangu."

"Wallahi sitamaliza," alisema Clara, Mkristo yule, kwa kiapo cha pwani, "mpaka ule."

Basi akakipokea, akakitia kinywani.

Kilikuwa kimechacha. Tui lilikuwa limeharibika siku nyingi kidogo, pengine tangu siku ya mazishi. Iliki ipo, lakini chini yake uchachu mtupu, wa kumfanya mtoto ateme. Bi Mwanabaraka aliinua macho. Fundi alikuwa anakung'uta mikono, hana kitu. Nyuma yake walikuwa wanajifuta midomo. Clara alikuwa anaokota chembe zilizoanguka kwenye sketi yake, moja moja, anazila, na alipoona anatazamwa akasema, "Mkate mzuri, mama. Mungu amrehemu."

Akameza. Ndipo kilio alichokikosa Maskati kikamtoka, cha sauti, na Clara akamkumbatia hivyohivyo, mkanda ukiwa umefungwa. Alimlilia Bilali. Na alimlilia yule binti wa Makurunge, aliyekaza mkanda kwa njaa siku ile mkate ulipokuwa bado mtamu.